Klachi Kuukuu Iliyopanda Kitonga

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaonikuta leo nimekaa kivulini, miguu nimeinyoosha, mafundi wananiletea vyuma nivikague kama hakimu, mnadhani mambo yalikuja yenyewe. Hayakuja yenyewe.

Walisema diploma yangu itafaa kufungia karanga. Walisema mtu aliyekula mkate mweusi wa Ulaya hawezi tena kulala chali chini ya lori kwenye tope la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Walisema nitafunga gereji kabla masika hayajaisha, kisha nitavaa tai na kwenda kuomba kazi ya ofisini kama watu wenye akili. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa baba yangu mdogo, Ambokile, na watu walimsikiliza, maana katika ukoo wetu yeye ndiye aliyekuwa na lori.

"Gwe, wewe Gwamaka," aliniambia mbele ya watu siku niliyomwonyesha kiwanja cha gereji, "wenye karatasi kama yako wanatafutwa wakakae mezani. Wewe unataka kuchimba shimo. Kama ulitaka shimo, ungebaki hapa hapa ukachimba choo."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Lakini shimo la fundi kusimama chini ya gari nilichimba, na malori yakaingia.

Mimi sikupelekwa ng'ambo na mjomba. Nilianza kama utingo kwenye malori ya kwenda mpakani, kazi yangu ikiwa kuweka jiwe nyuma ya tairi na kutukanwa na dereva. Kiingereza nilikisoma juu ya magunia ya mahindi, kitabu kimefunikwa na turubai. Nikafanya mtihani, nikachaguliwa, nikaenda kusoma ufundi wa magari katika mji wa viwanda wenye baridi ambayo hata mtu wa Mbeya anaiheshimu. Nilirudi na diploma yenye muhuri mwekundu na sanduku la spana. Hivyo viwili vilikuwa vyangu. Vingine vyote niliviazima.

Miaka ile ya sabini watu wa kwetu walikopeshana vitu, kwa sababu pesa hazikuwepo, vitu ndivyo vilivyokuwepo. Shangazi yangu Tusekile, dada mkubwa wa huyo baba mdogo, alikuwa amekusanya mabati ya nyumba yake kule Uyole, bati moja moja, kila alipouza viazi. Nilipomwambia gereji haiwezi kuwa chini ya nyasi kwa sababu ya cheche, alisema niyachukue. Yeye akaendelea kulala chini ya nyasi. Mkopeshaji wa pili alikuwa Mzee Masanja, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani na kuweka boma huko Usangu. Alinipa maksai wawili wa kulimia, niwauze ninunue jeki na mtungi wa kuchomelea. Nilimwuliza kwa nini ananiamini na hatujuani sana. Akasema ana mpango wa kununua lori siku moja, na anataka awe na fundi anayemdai. Hiyo ndiyo akili ya biashara, na hakuisomea popote.

Wa tatu alikuwa Mzee Kalinga wa Iringa, mkerezaji wa vyuma, aliyenifundisha mambo mengi nilipokuwa utingo. Yeye aliniazima jiliwa, lile ambalo ninyi mnaliita vaisi, chuma kizito cha kubania kazi mezani. Bila jiliwa fundi ana mikono miwili tu.

Sasa sikilizeni desturi yenyewe. Kwetu kitu cha kuazima hakina tarehe. Mwenyewe akikosa imani, anakuja kukichukua siku hiyo hiyo, na huna la kusema. Baba mdogo alilijua hilo. Akaanza kuwazungukia. Alimwambia shangazi mabati yake yatapata kutu bure. Alimtumia Masanja salamu kwamba maksai wake wamekufa wakiwa hai. Hata Iringa alifika akaongea. Shangazi akaja gerejini, akasimama chini ya mabati yake mwenyewe, akaniambia bila kuzunguka kwamba amechoka kusikia maneno.

"Mwanangu, nionyeshe kazi moja kubwa. Moja tu," alisema. "Nikiiona, nitamziba mdogo wangu mdomo. Nisipoiona, mvua za mwaka huu zisinikute kwenye nyasi."

Kwa hiyo mjue nilichokuwa nacho hatarini. Bati likitoka, gereji imekufa, na baba mdogo atakuwa amesema kweli mbele ya watu wote.

Kazi kubwa ilikuja ikivutwa kwa mnyororo. Lilikuwa lori la baba mdogo mwenyewe.

Lilikuwa limetoka Usangu na mpunga, likaishia njiani. Injini inanguruma, lori limesimama. Dereva wake, Mgaya, Mbena mmoja mrefu mwenye majibu, alisema klachi inateleza tangu juzi. Baba mdogo alikuwa amezunguka maduka yote ya spea Mbeya na Iringa, akapiga simu Dar es Salaam, na jibu lilikuwa moja. Klachi mpya ya lori lile miaka ile ilisikika kwa jina tu. Gereji kubwa za mjini zilikataa kugusa klachi kuukuu. Ndipo akaniletea mimi, na aliniletea kwa namna yake. Aliwaambia watu kwamba lori limeshakufa, kwa hiyo hata mtoto anaweza kujifunzia.

Vijana wengi mkishusha gia boksi mnakimbilia nati kama mnakimbizwa. Mimi kabla ya kufungua klachi niligonga alama mbili kwa tindo, moja kwenye kifuniko cha klachi, moja kwenye flaiwili, zikitazamana. Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ambalo klachi inalikumbatia. Vitu hivyo vimezunguka pamoja miaka mingi, vimezoeana uzito. Ukivirudisha vimepishana, lori litatetemeka na wewe utalaumu injini. Halafu bolti unazilegeza kwa kuvuka, moja hapa, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, springi zitasukuma kifuniko kipinde kama kofia iliyokaliwa.

Nilipokitoa kifuniko, kilimwagika kitu cha kijivu, kizito, kama uji wa ulezi uliolala. Mgaya akageuka akatazama barabara.

Nilimwuliza ni nini. Akasema vumbi la Usangu. Nikakipaka kwenye kidole, nikakisugua. Kilikwaruza. Nikamwita shangazi, aliyekuwa amekuja kunilinda au kunichunguza, hata leo sijui. Akakisugua yeye pia, akacheka.

"Hiki si ndicho ninachosugulia sufuria?" alisema. "Majivu ya pumba za mpunga haya."

Ndipo Mgaya akafunguka. Madereva wote wa mpunga, alisema, hufanya hivyo. Klachi ikianza kuteleza kwa sababu oili imeivujia, unafungua kitundu cha chini, unatupia konzi ya majivu kutoka kwenye mashine ya kukobolea. Majivu yananyonya oili, klachi inashika, unafika. Ikiteleza tena, unaongeza konzi. Alieleza vizuri kabisa, kama mtu anayetoa dawa ya mafua. Nilipomwambia ameisaga flaiwili, akaona ninamwonea.

"Sufuria ya mke wangu inang'aa kwa majivu hayo hayo, Bwana Diploma," alisema. "Na haijawahi kuteleza."

Nilimwonyesha. Uso wa flaiwili unatakiwa uwe laini na sawa. Ule ulikuwa na mifereji ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama sahani ya santuri. Kati ya mifereji kulikuwa na madoa ya buluu, alama ya chuma kilichopata moto kikapoa vibaya. Mzee Kalinga alinifundisha zamani nisiamini macho mahali kama hapo. Unapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje. Ukucha ukiteleza, msasa unatosha. Ukucha ukijikwaa, inahitaji mashine. Ukucha wangu ulijikwaa kila mahali.

Baba mdogo alikuja kuona. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akaniuliza kama na mimi nitatia majivu. Nikamjibu kwamba klachi yake ile ile itapanda mlima wa Kitonga na shehena. Palikuwa na watu, wakasikia. Yeye akasema vizuri, basi atapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, na yeye mwenyewe atakaa ndani. Ikishindwa mlimani, mabati ya dada yake yatashuka siku hiyo hiyo, na yeye atatoa lori la kuyabeba. Lori gani, nikamwuliza, kama lile litakuwa limeshindwa? Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Lakini usiku ule nilikula kidogo.

Kwanza nilitafuta mwizi. Kuandaa klachi bila kuziba oili ni kupiga deki huku paa linavuja. Oili ilitoka kwenye sili ya nyuma ya injini, ile pete ya kuzuia oili. Nilibadilisha sili kabla ya kugusa kitu kingine, na ninyi mfanye hivyo hivyo, hata mwenye gari akikuharakisha. Vumbi la klachi sikulipuliza. Mwalimu wangu wa ng'ambo, mzee mkali mwenye masharubu, alikuwa akimfukuza darasani mwanafunzi anayepuliza vumbi lile kwa mdomo. Alisema mapafu hayana spea. Unafuta kwa kitambaa kibichi, unakitupa mbali. Wenzangu wa Mwanjelwa walinicheka kwa hilo. Wengi wao siwezi kuwauliza tena wanaonaje.

Kisha klachi pleti, ile sahani inayobanwa katikati. Vitambaa vyake vigumu vya pande mbili, lainingi, vilikuwa vimelewa oili. Kuna watu huvichemsha kwa petroli, wakavianika, wakasema vimepona. Havijapona. Siku ya kwanza ya joto vinatapika oili yote. Lakini chuma cha pleti kilikuwa kizima, springi zake hazikucheza, meno ya katikati hayakuliwa. Niliitundika kwenye shafti nikaizungusha mbele ya ncha ya msumari kuona kama inayumba. Haikuyumba. Kwa hiyo nilikata kwa tindo riveti za zamani, vile vijisumari vinavyoibana lainingi, nikatafuta lainingi nyingine.

Mnaniuliza wapi. Kwenye vyuma chakavu, wapi tena. Nyuma ya mji palikuwa na lundo la mitambo iliyochoka, na watu walipita hapo wakishika pua. Mimi nilikaa hapo kutwa nzima nikipindua sahani za klachi kama mama anayechagua nyanya, mpaka nikapata lainingi pana, kavu, nene. Nikaikata kwa msumeno ifuate mviringo, nikatoboa, nikaifunga kwa riveti za shaba. Na hapo kuna siri ambayo si siri. Kichwa cha riveti lazima kizame ndani ya lainingi. Kikibaki juu, hicho ndicho kitakachokuchimba mfereji mpya kwenye flaiwili uliyotoka kuitengeneza. Na unafunga kwa kuvuka, kama bolti, la sivyo lainingi inavimba upande kama chapati.

Flaiwili niliifunga kwenye gunia nikapanda nayo basi kwenda Iringa. Kondakta alitaka ilipiwe nauli, akidai inakaa nafasi ya mtu na ina uzito wa wawili. Mama mmoja aliniuliza kama ni jiwe la kusagia. Nikamwambia ni diploma yangu. Hakucheka, aliniambia pole.

Mzee Kalinga alinipokea na salamu zake ndefu za "kamwene", akaniuliza habari za jiliwa kabla ya habari zangu. Kisha akaitundika flaiwili kwa kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinajibu kama debe. Ikalia. Hakuridhika. Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akapaka unga wa chaki. Ufa ukiwepo, mafuta yaliyojificha humo hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hapakuwa na mstari. Akaifunga kwenye mashine yake, akainama kuanza.

Nikamzuia. Flaiwili ya lori lile si bapa. Ina uso wa ndani, mahali klachi inaposhika, na ina ukingo ulioinuka kwa nje, mahali kifuniko kinapofungwa kwa bolti. Nilimwambia kiasi atakachokwangua uso wa ndani, akwangue kiasi hicho hicho kwenye ukingo. Mzee akanyanyuka taratibu.

"Ukingo una mikwaruzo?" aliniuliza.

"Hauna."

"Sasa unataka nikikate chuma kizima kwa kosa gani?"

Nilipiga magoti nikamchorea kwa chaki sakafuni. Ukichimba uso peke yake, kila kitu kinasogea ndani, lakini kifuniko kinabaki pale pale. Springi zinanyooka, zinapoteza nguvu. Klachi itakuwa safi, inang'aa, halafu itateleza mlimani, na hakuna atakayejua kwa nini. Mzee Kalinga hakuukubali mchoro. Alisema amekereza flaiwili tangu mimi nikichunga mbuzi, na hakuna iliyorudi. Mimi, kwa kiburi changu, na sikionei haya kiburi hicho, nikamwambia haziwezi kurudi Iringa kwa sababu hufia Kitonga.

Alikasirika. Ni haki yake. Alisema atakata ninavyotaka, lakini flaiwili ikishindwa, nisimletee maelezo, nimletee jiliwa lake. Nikakubali. Basi akakata, na hapo niwaambie ukweli, mkono wake ulikuwa mkono. Uso na ukingo vilishuka sawa kabisa, nikapima kila upande nikakosa pa kulalamika.

Niliporudi Mbeya nikamalizia presha pleti, ile duara ya chuma inayoibana klachi pleti kutoka upande wa pili. Nayo ilikuwa na mikwaruzo, lakini ukucha ulipita. Sikuwa na dawa ya kusagia. Hapakuwa na duka lenye dawa hiyo. Nikamwomba Mgaya majivu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwacha amalize. Kisha nikayachekecha majivu kwa kitambaa cha kanga kuukuu mpaka yakabaki laini kama poda, nikayachanganya na oili, nikayapaka juu ya kioo kinene cha dirisha nilichokilaza mezani. Kioo kiko sawa kuliko meza yoyote ya fundi. Nikailaza presha pleti juu yake, nikaizungusha kwa mikono kama naandika nane kubwa, nane kubwa, mpaka uso mzima ukawa na rangi moja ya kijivu. Sehemu inayobaki inang'aa ndiyo bonde, unaendelea mpaka ipotee. Mgaya aliacha kucheka. Nilimwambia majivu hayana kosa, kosa ni kuyatia mahali ambapo huwezi kuyatoa. Mimi niliosha kila kitu kwa petroli, nikafuta, nikaosha tena, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe.

Kuanzia hapo hakuna mkono wenye grisi kugusa kitu. Nilinawa kwa sabuni kama daktari. Nilipitisha msasa kwenye uso wa flaiwili, mistari ikipishana, ili lainingi mpya ipate pa kuanzia urafiki. Beringi ndogo ya katikati niliitia grisi ya kujaa ukucha mmoja, si zaidi, kwa sababu inayozidi itarushwa kwenye klachi. Nilihakikisha pleti imetazama kunakotakiwa. Mwenzangu mmoja chuoni aliwahi kuifunga kinyume, akapewa gari alisukume kuzunguka uwanja wa shule kwenye theluji. Kisha nikaiweka katikati kwa shafti ya mti niliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye mkaratusi, maana kipande cha chuma cha kazi hiyo sikuwa nacho. Alama zangu mbili zikatazamana. Bolti kwa kuvuka, kidogo kidogo. Shafti ya mti ikatoka kwa kidole. Hapo ndipo fundi anajua pleti imekaa katikati.

Ruaha Mbuyuni kuna joto, na vitunguu havisubiri. Tulipakia mpaka juu ya mbao. Baba mdogo akakaa katikati, mimi mlangoni, Mgaya kwenye usukani, utingo juu ya vitunguu. Tulipoanza kupanda Kitonga, baba mdogo akaanza kunusa. Alinusa kona ya kwanza, akanusa ya pili. Lori likapanda kwa gia ya chini, taratibu, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Katikati ya mlima tukakuta njia imezibwa. Lori jingine lilikuwa limekwama mbele yetu. Mgaya akasimama, na akafanya lile ambalo kila dereva wa kwetu alikuwa akilifanya. Hakukanyaga breki. Akashikilia lori kwa klachi, nusu imeachiwa nusu imekanyagwa, injini ikilia, mlima ukituvuta nyuma.

"Kanyaga breki," nilimwambia.

"Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Ndiyo maana unasafiri na majivu. Breki, Mgaya. Utingo aweke jiwe."

Akatii. Jiwe likawekwa. Hapo ikaja harufu, ile harufu kali ya lainingi inayoungua, ambayo mtu akishainusa haisahau. Baba mdogo akageuza shingo akanitazama. Sikuwahi kumwona amefurahi namna ile.

"Si nilisema," alisema. "Nilisema mbele ya watu."

Nikawaza ukingo wa flaiwili, nikawaza mkono wa Kalinga, nikawaza bati la kwanza likitolewa misumari. Nikafungua mlango nikashuka, nikainama chini ya lori letu, nikaweka pua karibu na nyumba ya klachi. Ilinuka vitunguu. Nilipoinuka, Mgaya alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatazama mbele.

"Mzee Ambokile," alisema kwa upole sana, "hiyo harufu inatoka kwa jirani."

Moshi ulikuwa unatoka chini ya lori lililokwama. Utingo wao alikuwa amelala chini, mkononi ana kopo. Sikuhitaji kwenda kuuliza lina nini.

Walipolisogeza pembeni, ikafika zamu yetu, na hapo ndipo mtihani wenyewe. Kuondoka kutoka kusimama, na shehena, pale pale mlimani. Nilimwambia Mgaya aache mguu polepole mpaka asikie injini inazama kidogo, hapo ndipo aachie breki, kisha amalize kuachia klachi bila kuogopa. Sikupaza sauti. Injini ikazama. Lori likatetemeka, likasita, jiwe likabaki nyuma barabarani peke yake. Tukapanda.

Iringa tuliingia mchana. Nilimwambia Mgaya apitie kwa Mzee Kalinga. Mzee alitoka na miwani yake, akainama, akanusa, akagusa nyumba ya klachi kwa kiganja. Hakunisifu. Aliniomba nimchoree tena ule mchoro, safari hii ukutani, mahali ambapo hautafutika.

Tangu siku ile malori yalipanga foleni Mwanjelwa. La baba mdogo lilikuwa miongoni mwake, na alilipa kama wengine, akilalamika kama wengine. Nilifanya kazi kwa ukaidi. Kila klachi niliyoirudisha barabarani ilikuwa jibu kwa mtu fulani, na sikuchoka kujibu.

Nilirudisha kila kitu kwa siku moja. Niliitaka iwe siku moja. Nilimkodi Mgaya na lori lile lile, tukaanzia Iringa alfajiri. Mzee Kalinga alilipokea jiliwa lake, akalifungua na kulifunga, akaona nimelipaka rangi na kulibadilishia skrubu, akasema sasa limekuwa zuri mno kwa matumizi. Tukateremka Usangu na maksai wawili nyuma, vijana, wenye mabega. Masanja aliwazunguka, akawapapasa meno, akanung'unika. Aliniambia nimemharibia, kwa sababu lori lake litakuja mwakani na sasa hana fundi anayemdai. Nikamwambia alete tu, nitamtengenezea kwa bei ya watu wote.

Uyole tulifika adhuhuri imepita. Mabati yalikuwa mapya, na mimi mwenyewe nilipanda juu kuyapigilia, diploma na vyote, misumari mdomoni. Majirani walisaidia. Baba mdogo alikuja tukiwa kwenye bati la mwisho, akasimama ndani kukagua kama kuna tundu linaloonyesha mwanga. Hakuliona. Nilishuka, shangazi akatuletea viti, akanishukuru, "ndaga, mwanangu," na kabla hajamaliza mvua ya Mbeya ikaanguka yote kwa pamoja.

Mnajua mvua inavyolia kwenye bati jipya. Baba mdogo alikuwa ameinama kuelekea kwangu, anasema jambo, mkono wake unapanda na kushuka kama mtu anayeeleza kwa kirefu. Labda alikuwa anaomba radhi. Labda alikuwa ameona kasoro kwenye kenchi. Nilimwonyesha sikio langu, kisha nikaonyesha paa, kwamba sisikii kitu. Akasogea, akaongeza sauti. Mdomo ulikuwa unakwenda na hakuna neno lililofika. Shangazi alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nilinyoosha miguu, nikamwacha baba mdogo aendelee kusema.